Kupanda kuna ngazi, kushuka je?

Huku kwetu Pemba samoni tunamjua akishakuwa kipande. Wenzangu wanaofanya kazi mahotelini kule Nungwi na Kiwengwa ndo wanamjua zaidi, anakuja kwa ndege, wa kufugwa huko Ulaya, rangi ya chungwa, mgeni anawekewa kwenye sahani na ndimu pembeni wakati mbele ya macho yake ngalawa zinashusha changu na nguru wa asubuhi ileile. Hayo nayaacha, kila mtu na pesa yake. Ninayemtaka leo ni samoni wa mwituni wa Marekani ya magharibi, yule anayezaliwa mtoni, anashuka baharini kukua, alafu anarudi mtoni kuzaa na kufa, na katikati ya njia yake binaadamu kamwekea zege na mageti.

Mie habari hizi nimeziingia kupitia kamera. Kwenye bwawa la Bonneville, Mto Columbia, mpakani mwa Oregon na Washington, kuna kioo kimewekwa ubavuni mwa ngazi ya samaki, ile njia waliyojengewa wapande kulivuka bwawa, na kamera inaangalia pale, mtu yoyote mwenye bando anaiona moja kwa moja. Kwetu saa tano usiku ni saa saba mchana kule, kwa iyo watu wa nyumbani wakishalala nakaa barazani na simu naangalia samaki wa watu wanapita. Wakati mwengine hapiti kitu, maji ya kijani tu na mapovu, alafu ghafla anatokea mmoja mkubwa, anasimama kwenye kioo, mkia unafanya kazi lakini haendi mbele wala harudi nyuma, mapezi yamechanika nchani, unaona mpaka magamba yaliyobanduka, alafu anajisukuma mara moja na keshapotea. Kuna watu kazi yao ni kukaa nyuma ya kile kioo na kumuhesabu kila anayepita, aina kwa aina, na hesabu hiyo inafanywa tokea 1938. Nikiwaambia watu huku kuna mtu analipwa mshahara kuhesabu samaki wasiovuliwa wananiangalia vibaya.

Na ile video ya bomba wengi mumeiona, ilizunguka sana 2019, samaki anatiwa kwenye mrija laini, anavutwa kwa hewa, anaruka juu ya bwawa anatokea upande wa pili. Ni ya kweli. Kampuni inaitwa Whooshh, iko jimbo la Washington, na mtambo wao mwanzo ulikuwa wa kusafirishia matunda shambani yasipate michubuko, baadae ndo wakafikiria samaki. Watu walicheka, wakatuma, wakasahau. Sasa nnachotaka kusema nakisema mapema ili asokuwa na muda aende zake: kumpandisha samaki mkubwa watu wamehangaika nako miaka karibu mia na kwa kiasi chake wameweza, ila anayepotea kwa wingi bila ya mtu kumuona ni yule mdogo anayeshuka, na pahala pake pa kufia si lazima pawe kwenye bwawa kubwa la picha, mara nyengine ni mfereji wa kumwagilia matofaa.

Mchukue samoni mwekundu wa Redfish Lake. Hilo ni ziwa liko Idaho, ndani kabisa, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na kama kilomita 1,450 kutoka pale mto unapoingia baharini. Anazaliwa kwenye changarawe, anakaa ziwani mwaka mmoja au miwili, akifika urefu wa kidole anaanza kushuka. Baharini anakaa mpaka ananenepa, siku yake ikifika anarudi mto uleule, na akikaribia kwao anaongozwa na harufu ya maji aliyoinusa utotoni, jambo ambalo Arthur Hasler wa Chuo Kikuu cha Wisconsin na wenzake walilifanyia majaribio miaka mingi. Akishaingia maji baridi hali kitu. Kilomita zote hizo anakwenda kwa mafuta yake mwenyewe ya mwilini, anafika mwekundu, kachakaa, anazaa anakufa. Kabla ya mabwawa wataalamu wanakisia samoni na jamaa zake milioni 10 mpaka 16 walikuwa wanaingia Columbia kwa mwaka. Mwaka 1992 samoni mwekundu aliyefika Redfish Lake alikuwa mmoja. Mmoja! Tena dume. Wakampa na jina, Lonesome Larry, na mbegu zake zikatumika kwenye mradi wa kuwazalisha upya maana bila hivo kizazi kile kilikuwa kimekwisha.

Kati ya ziwa lile na bahari kuna mabwawa manane, manne kwenye Columbia na manne kwenye mto wake mkubwa unaoitwa Snake. Yote manane yana ngazi za samaki. Ngazi yenyewe ni mfululizo wa madimbwi ya zege, kila dimbwi limeinuka kama sentimita 30 kuliko la chini yake, maji yanateremka na samaki anapanda, ama anaruka juu ya kizingiti ama, na wengi ndo wanavofanya, anapita kwenye tundu lililoachwa chini ya maji. Kupanda kwenyewe hakumshindi. Kinachomshinda ni kuuona mlango. Fikiria mto mzima unatoka kwenye mitambo kwa kishindo, alafu pembeni kuna kijimlango kinatoa kamaji kadogo, samaki anafuata mkondo wenye nguvu na mkondo wenye nguvu unamgongesha kwenye ukuta. Kwa iyo ilibidi mainjinia wamwage maji mengi ya makusudi pale mlangoni pa ngazi ili yamuite. Maji hayo hayafui umeme, ni hasara, na kila mwaka kuna mtu wa hesabu anayauliza.

Kuna kiumbe mwengine anapita humohumo, lampri, mrefu wa umbo la mkunga lakini hana taya, ana mdomo wa kufyonza. Huyu haruki. Anapanda kwa kujibandika ukutani kwa mdomo, anajivuta, anajibandika tena. Ngazi zilijengwa kwa ajili ya samoni, zina kona kali za zege, na lampri akifika kwenye kona mdomo unaachia, anachukuliwa na maji anarudi chini. Dawa yake ikaja kuwa kuzungusha zile kona ziwe mviringo na kumwekea mabati ya mteremko yanayopita maji kidogo. Makabila ya kule, kina Yakama na Nez Perce, wanamla lampri tokea zamani na walikuwa wanalisema hilo kabla mainjinia hawajaona kama ni tatizo. Nalitaja kwa sababu ukimjengea mmoja njia unaweza ukawa umemfungia mwengine.

Na kuna pahala ngazi haikuwekwa kabisa. Bwawa la Grand Coulee, hukohuko Mto Columbia, lilikamilika 1942, kimo chake mita 168, juu ya pale samoni hapiti, basi. Juni 1940, maji ya bwawa yakiwa yanapanda, makabila yalikusanyika Kettle Falls kuyaomboleza maporomoko yao ya kuvulia kabla hayajazama. 2019 watu wa makabila ya Colville walipakia samoni kwenye gari la tangi wakawaachia mtoni upande wa juu wa bwawa, na samaki wale wakajua la kufanya.

Sasa nije kwa Ami. Ami yangu ana uzio wake wa kuvulia upande wa mikokoni na samaki anawajua kwa tabia si kwa vitabu. Usiku mmoja kanikuta na simu, nikamuonesha, nikamueleza bwawa, ngazi, kioo, akaangalia kimya wakapita kama wanne.

"Hawa watu wazima," akasema. "Na watoto wao wanashukia wapi? Hukohuko kwenye ngazi?"

Nikamwambia Ami hilo ntakutafutia. Na kulitafuta ndo kumenitoa usingizi, maana jibu ni kwamba kwa miaka mingi walikuwa wanashukia popote maji yanapokwenda, na maji mengi yanakwenda kwenye turbaini, ile mitambo ya mapanga inayofua umeme.

Samaki wa urefu wa kidole anayepita kwenye turbaini si lazima akatwe na pangaboi kama watu wanavofikiria, wengi wanapita salama kwenye mapanga. Kinachomuua ni kugongwa, maji kupinduka, na hasa msukumo wa maji kushuka ghafla, ndani ya muda mfupi sana anatolewa kwenye kina cha kukandamizwa analetwa kwenye wepesi, kile kibofu chake cha hewa kinavimba kinapasuka. Tuseme bwawa moja linaua watano tu katika kila mia, na mtu wa bwawa lile akaona fahari kabisa, tisini na tano wamepita! Piga hesabu mabwawa manane, mia wanabaki kama sitini na sita. Na hapo bado hujahesabu mengine. Kati ya bwawa na bwawa mto umekuwa ziwa, maji yamelala. Zamani theluji ikiyayuka majira ya machipuo, mto ulikuwa unajaa na kuwasukuma vijana mpaka baharini, safari ya haraka, sasa inawachukua wiki, wanajikokota kwenye maji yasiyokwenda, yanayopata moto, na yenye wanaowasubiri. Kuna samaki mmoja wa kienyeji mla samoni wadogo ambaye mabwawa yamemnufaisha mno, mpaka tokea mwanzo wa miaka ya 1990 mvuvi akimpeleka kituoni analipwa pesa kwa kila kichwa. Na ndege, membe waliohamia kwenye kisiwa cha mchanga karibu na mdomo wa mto, kisiwa ambacho mchanga wake ni wa binaadamu aliochimba akipanua njia ya meli, wakawa wanakula vijana kwa mamilioni. Ikabidi wahamishwe! Kuanzia 1999 wakaandaliwa kisiwa chengine karibu zaidi na bahari ili wapate samaki wa aina nyengine wa kula. Mtu kajenga bwawa, alafu kajikuta anawatafutia ndege nyumba.

Njia nyengine waliyoibuni ni matishari. Kwenye mabwawa ya Snake vijana wanakingwa, wanaingizwa kwenye tishari lenye maji yanayozunguka, wanasafirishwa kupita mabwawa yote mpaka chini ya Bonneville wanaachiwa. Kwenye karatasi ni akili. Tishari halina turbaini. Lakini baadhi ya waliosafirishwa hivo, wakija kurudi wakubwa, wanapotea njia zaidi kuliko wenzao walioogelea wenyewe, wanaingia mito isiyokuwa yao, maana ile harufu ya njia hawakuijifunza sawasawa. Na wanajuaje? Vijana wanatiwa mwilini kidude chenye namba, ukubwa wa punje ya mchele, hakina betri, akipita kwenye kisomeo bwawani kinamtaja.

Kwa maoni yangu njia ya maana kuliko zote hizo ndo isiyokuwa na ufundi mwingi, kufungua geti juu na kuyaacha maji yamwagike, samaki ashuke nayo upande wa juu anakopenda mwenyewe kuogelea. Mainjinia wakatengeneza na vizingiti maalumu samaki ateleze karibu na uso wa maji badala ya kulazimishwa azame mita nyingi kutafuta tundu. Hata hapo pana jambo, maji yakianguka kwa nguvu yanazama na hewa, gesi inazidi kwenye maji, samaki anatoka vipovu mwilini, ikabidi chini ya mteremko wajenge mdomo wa zege wa kuyatupa maji mbele yasichimbe chini. Lakini zito si zege, zito ni bei. Maji yaliyomwagwa hayakufua umeme. Majaji wa Marekani wameamua kesi juu ya kesi kuhusu maji kiasi gani yamwagwe na mwezi gani, na bado hawajamaliza.

Na mie sitaki kujifanya mtakatifu hapa. Simu nnayoangalia samaki inachajiwa na umeme unaokuja Pemba kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, tokea 2010, kabla ya hapo tulikuwa tunategemea majenereta ya Wesha na anayekumbuka anakumbuka. Gridi hiyo ya bara ina mabwawa ndani yake, kuna Hale na Maporomoko ya Pangani, kuna Kidatu, sasa kuna la Rufiji la megawati 2,115. Na mito ya Afrika Mashariki inayoingia Bahari ya Hindi ina msafiri wake, mkunga wa maji baridi, ambaye safari yake ni ya samoni iliyogeuzwa, anazaliwa mbali baharini, anakuja mdogo mwembamba anapanda mto, anakaa miaka akikua, alafu anashuka kwenda kuzaa bahari kuu na harudi. Mdogo wake anaweza kupanda hata ukuta, ukiwa na maji na una mkwaruzo, Ulaya wanawawekea vijia vyenye nywele za burashi wanapanda humo. Mkubwa wake akishuka ndo balaa, urefu wake wenyewe unamponza kwenye turbaini kuliko samaki mfupi. Kwa iyo hilo swali la Ami la nani anashukia wapi si la Wamarekani peke yao, na mie nimo kwenye wanaonufaika na bwawa.

Kuna walioamua kuvunja. Mto Elwha, Washington, mabwawa mawili yalianza kubomolewa 2011 yakamalizwa 2014. Mto Klamath, unaotoka Oregon kuingia California, mabwawa manne yakaondolewa, la mwisho 2024, na Oktoba mwaka huohuo samoni wakaonekana Oregon juu ya pale lilipokuwa bwawa, mara ya kwanza tokea 1912. Hawakungoja hata mwaka. Lakini Klamath kunanivutia kwa jambo jengine. Mwaka 2001 palikuwa na ukame, serikali ikawakatia wakulima maji ya mifereji ili samaki wapate, wakulima wakapanga mstari mjini Klamath Falls wanapokezana ndoo za maji kwa hasira, maelfu ya watu. Mwaka uliofuata maji wakapewa, na Septemba 2002 kule chini mto ukawa kina kifupi, moto, samaki wamebanana, ugonjwa ukaingia, wakafa si chini ya 34,000, wengi samoni, wamelala kwenye kingo za mto mbele ya Wayurok, kabila la pale, ambao mto huo ndo riziki yao. Ukimsikiliza mkulima ana haki, ukimsikiliza Myurok ana haki zaidi, alikuwepo mwanzo, lakini mazao nayo hayangojei mahkama.

Ndo maana nikasema mfereji. Bwawa kila mtu analiona. Mfereji wa kumwagilia hauna sura ya kuua kitu, ni maji yanakwenda shamba. Kule magharibi ya Marekani, tokea mifereji ilipoanza kuchimbwa, samoni wadogo wakishuka walikuwa wanaingia kwenye banio, pale maji yanapotolewa mtoni kwenda mfereji, pamoja na maji, wanaishia kwenye mashamba ya majani ya ng'ombe na kwenye bustani za matofaa, wakulima wa zamani wanawakuta wamekauka kwenye matuta. Tena mfereji haumuui kijana siku ya kwanza. Unamdanganya. Ndani mna maji, mna wadudu wa kula, mna kivuli, anakaa miezi anakua vizuri tu, ikifika mwisho wa msimu geti linafungwa na maji yanakauka huku yeye yumo.

Hili sihitaji kamera ya Bonneville kuliona. Kwenye bonde letu la mpunga, mkulima akishafunga maji ili majaluba yakauke avune, mfereji mkuu unabaki na vidimbwi pale ulipochimbika, na vidimbwi vile vinachemka perege. Maji yameshakuwa tope la rangi ya chai ya maziwa, migongo iko nje, midomo inapwaya juu kutafuta hewa, kambare wao wamejizika nusu kwenye udongo wanasubiri. Watoto wakitoka skuli wanakuja na ndoo na kipande cha chandarua, wanamaliza dimbwi moja wanahamia jengine, wadogo sana wanatupwa pembeni kunguru wanakuja. Perege si samoni, hana safari ya kwenda popote, mto wake hautakufa kwa sababu ya hao. Lakini namna walivoingia mule ni ileile moja kwa moja, maji yaliwachukua kwenye banio hakukuwa na kitu cha kuwazuia.

Kitu chenyewe ni chujio. Kwa samoni wachanga matundu yanatakiwa yasizidi kama milimita 2.4, na maji yanapolikaribia chujio yasizidi mwendo wa sentimita 12 kwa sekunde, maana kichanga hawezi kushindana na zaidi ya hapo, atabandikwa kwenye wavu mpaka afe. Kwa iyo chujio lazima liwe kubwa, eneo kubwa maji yapite pole pole. Na ukiliweka limekingama moja kwa moja mbele ya maji umefanya mtego wa kuua. Linawekwa kwa mlalo, mshazari, samaki anaukuta wavu anauambaa, mkondo unampeleka pembeni mpaka kwenye bomba la kumrudisha mtoni. Nilipomsimulia Ami hili alikata maneno yangu, kasema huo ni uzio. Na kweli ni uzio, fito zimepangwa, maji yakitoka samaki haruki wala hapasui, anaambaa, anaambaa, anaingia chumbani, tofauti yetu sisi chumba cha mwisho tuna kapu na wao wana bomba la kumrudisha alikotoka. Ami kauliza mlalo wao nyuzi ngapi, nikamwambia inategemea mkondo, kasema hilo hata yeye analijua.

Kule Idaho kwenye mabonde ya ng'ombe utakuta machujio ya pipa, pipa kubwa la wavu limelala kwenye mfereji linazunguka pole pole, takataka zinapanda nalo zinaangukia upande wa pili, na mengi hayana umeme, yanazungushwa na gurudumu la makasia linalosukumwa na maji yaleyale ya mfereji. Mazuri. Ila yana mnyororo, yana beringi, yana mpira wa kuzibia pembeni, na ukichakaa samaki anapita pembeni kana kwamba hakuna kitu.

Wanaonipendeza mie ni wakulima wa Hood River, Oregon. Mafuriko ya 1996 yaliwaharibia machujio yao, badala ya kurudishia yaleyale wakakaa wakabuni jengine, wao wakulima. Bati la matundu limelazwa chini kama sakafu, maji ya mto yanapita juu yake kwa kasi, sehemu inadondoka kwenye matundu inakwenda mfereji, iliyobaki inaendelea juu na samaki, majani, vijiti, vyote vinarudi mtoni. Hakuna kinachozunguka, hakuna injini, maji yenyewe ndo ufagio. Na hapa ndo penye siri ya jambo zima nnavoona mie. Mkulima hachukii samaki. Anachochukia ni kuamka usiku wa manane kwenda kuondoa majani kwenye wavu kwa sababu maji hayafiki shambani. Ukimletea chujio linaloziba atalipasua, wallahi atalipasua, na utamlaumu bure. Ukimletea linalomuondoshea takataka kwenye mfereji wake atalilinda mwenyewe, na samaki atapona kwenye hesabu ya mkulima bila ya mtu kuhutubiwa. Miradi mingi ya kuhifadhi viumbe inakwama hapo, inakuja na semina, na posho, na fulana, haiji na kitu kinachompunguzia mtu kazi.

Basi nikaenda kwenye kikao cha kamati ya bonde na picha kwenye simu. Sikutaja samoni, ningechekwa mpaka Chake. Nilisema habari ya magugu yanayoziba mifereji midogo kila baada ya mvua kubwa. Mwenyekiti kaangalia picha, kaipitisha kwa wenzake, swali la kwanza likawa hilohilo nililolijua, "Litasafishwa na nani?" Nikaeleza la bati la kulala. Mama mmoja mwenye jaluba la mwanzo kabisa pale juu kasema yeye kila siku anatoa majani kwa mkono, kama kuna kitu kitatoa nusu yake yuko tayari kukiangalia, ila visije vikawa vile vya mradi vya kupigia picha alafu mgongo ukigeuka vinakwenda kuuzwa chuma chakavu. Watu wakacheka kwa sababu walijua anasema kitu gani.

Fundi wa mageti niliyemuonesha mchoro kasema kutoboa bati zima matundu madogo vile ni kumaliza vipekecheo vyake vyote, bora tutumie wavu wa chuma wa kuchekechea mchanga ule wa waashi, tuubane kwenye fremu ya pembe. Matundu yake ni makubwa kuliko ya Marekani, perege mchanga atapita, wa kidole hapiti. Tumekubaliana tujaribu kwenye mfereji mmoja wa pembeni masika ijayo, kamati inatoa fremu, mie natoa wavu. Ami kakubali kuja kutuonesha mlalo wa kuuweka, ila kasema siku za maji mafu tu, bamvua ana uzio wake wa kuangalia.